Nyanya Alizaliwa Maji Yamekupwa

Kitambulisho cha Nyanya kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1950. Mwenyewe hukicheka. Hukitoa kwenye kibeti chake, hukishika mbali na uso kwa sababu ya macho, halafu huniuliza, "Ni nani huyu?" Picha ni yake, jina ni lake, alama ya kidole ni yake. Tarehe ndiyo ya mtu mwingine.

Nilikuja kuishi naye hapa Jomvu Kuu miaka miwili iliyopita, baada ya kuacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasoma historia. Karo ilinishinda, na nikisema kweli, hamu pia ilikuwa imeanza kuniisha. Siku hizi naandika makala za watu mtandaoni, za bima, za dawa ya meno, za chochote, nalipwa kwa idadi ya maneno. Kazi nafanyia barazani kwa Nyanya kwa sababu ndipo mtandao unaposhika.

Siku niliyomwambia nimeacha chuo alinitazama kwa muda mrefu. Kwa watu wa rika lake hapa kwetu, chuo ni pale mtoto anapopelekwa kusoma Kurani.

"Ulifika juzuu ya ngapi?"

Nikamweleza si chuo hicho, ni kile kikubwa, cha digrii.

"Chuo ni chuo," akasema. "Mimi nalikhitimu."

Basi ndivyo tunavyoishi. Mmoja amekhitimu, mmoja hakukhitimu, na mwenye kitambulisho cha kweli ni yule ambaye hakukhitimu.

Habari ya tarehe ilianza kunikera mwaka jana. Kulikuwa na fomu ya hospitali, muuguzi akauliza umri, Nyanya akajibu, "Andika unaotaka." Watu kwenye foleni wakacheka. Nami nikacheka, lakini njiani nikajisikia vibaya. Niliwahi kukaa darasani nikifundishwa jinsi ya kupata tarehe ya gae la chungu, na sijawahi kujaribu kupata tarehe ya bibi aliyenilea. Usiku ule nikamuuliza vizuri, bila mzaha: Nyanya, ulizaliwa lini?

Akajibu papo hapo, kama mtu aliyekuwa akilingojea swali hilo tangu zamani.

"Nalizawa usiku, maji yamekupwa, bamvua, mbalamwezi ya kuokotea sindano. Mashua imekaa matopeni."

Nilidhani ananikwepa. Nikamwambia hapana, nauliza mwaka. Akasema, "Sasa mwaka waniuliza mimi? Nalikuwa mtoto."

Ili umwelewe Nyanya, inabidi kwanza uelewe mahali anapokaa, na Jomvu Kuu ukiijia kwa barabara hutaielewa. Unashuka matatu kwenye barabara kuu ya Nairobi, katikati ya malori na makontena, unachukua boda, unaacha lami, unapita maduka, unapita nyumba zilizobanana, na mwisho kabisa unafika majini. Unahisi umefika nyuma ya mji, mahali ambapo watu hutupa taka. Hata mimi nilipokuwa mdogo nilidhani hivyo.

Nyanya hasemi hivyo. Kwake yeye majini ndipo mbele. "Ndia yetu ilikuwa maji," huniambia. "Huko juu kwa malori kulikuwa mwituni."

Na historia iko upande wake. Wajomvu ni mojawapo ya Thenashara Taifa, yale mataifa 12 ya Waswahili wa Mombasa, katika kundi la Tisa Taifa, na wana lahaja yao inayoitwa Kijomvu. Mji wao ulikaa hapa kwa sababu ya hori. Maji haya huingia kutoka bahari kuu kati ya kisiwa cha Mombasa na Nyali, yakapita Bandari ya Kale na Tudor, kisha yakapanda hadi kwenye vilima vya Warabai. Mzigo wa bara, pembe, sandarusi, nafaka, uliteremka kutoka vilimani kwa vichwa vya watu, ukafika majini, ukapakiwa. Nguo na chumvi na bidhaa za mjini zikapanda kwa njia hiyo hiyo. Aliyekaa ncha ya hori alikaa mlangoni.

Hata wageni walijua mlango uko wapi. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844, na 1846 yeye na Johannes Rebmann wakaanzisha misheni Rabai. Safari ya kutoka kisiwani kwenda huko ilikuwa kwa mashua kwenye hori hili, halafu kwa miguu kupanda mlima. Baadaye Wamethodisti nao wakaweka kituo Jomvu. Wote hao walituona kutoka majini. Ramani za Waingereza huyaita maji haya Tudor, na yale ya upande wa pili wa kisiwa Reitz, jina la luteni aliyekuja na meli za Kapteni Owen 1824 na kufa mwaka huo huo. Nyanya hajawahi kutamka lolote kati ya majina hayo. Yeye husema pwani, basi.

Mlango ukageuzwa. Mwaka 1896 Waingereza walianza kutandika reli kutoka Mombasa, ikapita Changamwe na Mazeras, na 1901 ikafika Ziwa Victoria. Mzigo wa bara sasa ulikuwa na njia isiyongojea maji. Baada ya reli ikaja barabara, baada ya barabara lami, na 2017 ikaja reli mpya na kituo chake kikubwa Miritini, jirani kabisa na sisi. Kila kilichojengwa kilijengwa juu, upande wa bara. Kidogo kidogo mji ukageuka, uso ukawa mgongo. Hakuna aliyetangaza.

Lakini mtoto aliyezaliwa hapa katikati ya karne iliyopita bado aliishi kwa maji, na hilo ndilo nililokuwa silielewi. Nyanya amenieleza taratibu, mara nyingi akiwa anachambua mchele, na nikikosea ananirudisha mwanzo kama mwalimu wa chuoni.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu huwa ni bamvua, maji yanajaa sana na kukauka sana, tofauti ya zaidi ya mita 3. Katikati yake ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Hapa Mombasa, siku za bamvua maji hujaa yapata saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka yapata saa nne, asubuhi na usiku. Haibadiliki. Ilikuwa hivyo kabla ya Wareno na ni hivyo leo.

Kwa hiyo siku za bamvua ndizo zilizofaa kwenda mjini. Mnatoka alfajiri maji yakianza kutoka, nayo yanawachukua hadi Mji wa Kale. Asubuhi mnauza, mnanunua, mnasalimia jamaa. Saa nne ikipita maji yanaanza kuingia, nayo yanawarudisha nyumbani. Nauli ilikuwa ni kujua saa. Ukipitwa na maji, umelala mjini. Nyanya anakumbuka kupita chini ya kelele za daraja la kwanza la Nyali, lile la 1931 lililokuwa likielea majini kabla ya la zege kufunguliwa 1980, akiwa amekalia tita la kuni na kuonywa asichezeshe miguu.

Baba yake alikata boriti. Nyanya hajui jina la mti wowote wa mjini, lakini mikoko anaitaja kama watoto wa jirani: mlilana unaosimama mbele kabisa majini, mkoko wenye miguu mingi, msinzi, mkandaa ambao gome lake hutoa rangi, mchu ulioko nyuma na popote unapopata nafasi. Miti ilihesabiwa kwa korja, ishirini ishirini, na kupangwa kwa unene, fito, pau, boriti, nguzo. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba yaliipakia na kurudi nayo kwa kusi, na kule ikaezeka nyumba za watu wasioijua Jomvu. Mamake, pamoja na wanawake wengine, walivua kamba kwa nguo, wawili wameshika pembe huku na huku, wanatembea ndani ya maji yaliyofika kiunoni. Nyanya mwenyewe alifanya hivyo hadi magoti yalipokataa.

Nikimsikiliza ndipo nilipoanza kuona kwamba lile jibu lake halikuwa la kunikwepa. Nililichukua neno kwa neno, nikalipanga kwenye daftari.

Mamake alikuwa na mimba ya kwanza. Desturi ni mwanamwali akajifungulie kwa mamake, na mamake alikuwa Mji wa Kale. Walikuwa wamepanga kumpeleka. Uchungu ukamshika baada ya magharibi, kabla ya siku zake. Wanaume wakakimbilia pwani kuandaa mashua, lakini maji yalikuwa yanatoka tangu alasiri, na kufika isha mashua imeshakaa kwenye tope, imelala ubavu. Hakuna safari. Mkunga akaitwa kutoka nyumba ya tatu. Mtoto akazaliwa wakati pwani ni kavu kabisa.

Pwani kavu kabisa, usiku, bamvua: hiyo ni saa nne. Mbalamwezi ya kuokotea sindano: basi bamvua ile si ya mwezi mwandamo, ni ya mwezi mpevu, tarehe 14 au 15 ya mwezi wa Kiislamu. Halafu akaongeza jambo alilodhani ni dogo, kwamba kahawa ya arobaini yake ilitoka kwa nahodha Mwarabu ambaye jahazi lake lilikuwa bado linangoja upepo wa kurudi. Basi ilikuwa kaskazi, baina ya Desemba na Machi.

Nilikaa nikilitazama daftari. Nina saa, nina siku ya mwezi, nina msimu. Muuguzi, mimi, watu wote wa foleni ile, hakuna hata mmoja wetu anayejua kuzaliwa kwake kwa namna hiyo. Kitu pekee kilichokosekana ni kile wanachokitaka maofisini.

Mwaka niliutafuta kwa njia nyingine. Zamani Waswahili walikuwa na mwaka wao wa jua, siku 365, unaogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi na kufunguliwa kwa Nairuzi, Siku ya Mwaka. Mabaharia na wakulima waliutumia kwa sababu mwezi wa Kiislamu huzunguka misimu yote na haukuambii lini upande mtama. Kila mwaka uliitwa kwa jina la siku ulioanzia. Nyanya aliambiwa wake ni mwaka wa Ijumaa. Peke yake habari hiyo haitoshi, maana Ijumaa hurudi kila baada ya miaka 7, lakini inakupunguzia kazi. Mtu wa mwaka wa Ijumaa ni mkubwa au mdogo kwa mwenzake wa Ijumaa kwa miaka 7, au 14, si kwa mitano.

Halafu kuna manowari. Aprili 1942 ndege za Japani zilishambulia Ceylon, na Waingereza wakakihamishia Kilindini kikosi chao cha meli za vita za Bahari ya Hindi. Mombasa ikajaa mabaharia. Shule ya Allidina Visram ikageuzwa kuwa mahali pa kufumbulia siri za redio za Wajapani. Nyanya hayajui hayo ya siri. Anachojua ni kwamba babake alirudi kutoka mjini na biskuti za manowari, ngumu kama vigae, na yeye akapewa moja aitafune kwa sababu meno yalikuwa yakimtoka na hakuna aliyeweza kulala. Mara nyingine husema alikuwa akisimama dede, mara nyingine husema alikuwa ameshaanza kwenda. Mwalimu wangu angesema shahidi anajigonga. Mimi naona ni tofauti ya miezi.

Na kuna mgomo. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waliweka kazi chini, bandarini, relini, hotelini, hadi wapishi wa majumbani. Nyanya alikuwa ndio kwanza ametiwa chuoni. Anakumbuka babake akirudi na boriti zote alizokwenda nazo, na mwalimu akiwaambia watoto kwamba mjini kumenyamaza. Kumenyamaza vipi, akauliza, na akachapwa kwa kuuliza.

Nikajumlisha. Kaskazi ya mwanzo wa 1941, nikikosea ni kwa mwaka mmoja huku au kule. Kwa mujibu wa kitambulisho, mtoto aliyechapwa siku ile alikuwa bado hajazaliwa.

1950 ilitoka wapi? Kwa muda mrefu sheria ya usajili nchini iliwahusu wanaume tu. Ni 1978 ndipo ilipobadilishwa na wanawake nao wakatakiwa kuwa na vitambulisho. Nyanya akaenda na wenzake, wamejifunga buibui, wamebeba chakula kwa sababu foleni ilikuwa ya kutwa. Karani mmoja kijana akamuuliza alizaliwa lini. Nyanya akamjibu yale yale aliyonijibu mimi: usiku, maji yamekupwa, bamvua.

Karani akainua kichwa, akamtazama, akaandika.

"Nalifurahi," Nyanya huniambia. "Alinipunguzia miaka, nikamuona ni kijana mwenye adabu."

Adabu ile ilikuja kumgharimu. Serikali ilipoanza kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2000 kwa mwezi, malipo yakaanza 2018, waliokuja mtaani kusajili walitazama kadi. Kadi ikasema 67. Rafiki yake wa chuoni, mdogo wake kwa umri, aliyepata karani mwingine, akaandikwa. Nyanya akaambiwa angoje. Alingoja miaka kadhaa hadi jina likaingia. Ukipiga hesabu ya shilingi 2000 kwa miezi ya miaka hiyo, unapata paa la mabati. Tunalo tundu jikoni, mvua ikinyesha tunaweka sufuria, kwa hiyo hesabu hiyo naijua vizuri.

Sitaki kumlaumu karani yule sana. Alipewa fomu yenye kisanduku cha mwaka. Angeuliza saa, angejibiwa. Lakini mimi nimesoma historia, nimekaa darasani nikisikia kwamba wazee wetu hawakuweka kumbukumbu za tarehe, nami nikaandika hivyo kwenye mtihani na nikapewa alama.

Wiki iliyopita Nyanya alitaka kwenda pwani. Si mbali, lakini magoti, kwa hiyo tulimwita boda wa jirani, akaenda naye polepole, mimi natembea kando nimemshika mgongo. Hakuwa amefika pale kwa muda. Alisimama akatazama, kisha akauliza, "Hapa ndipo?"

Ndipo. Mikoko ndiyo haipo. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kupeleka boriti nje, na babu yangu, aliyekuwa amerithi shoka la mkwewe, akaenda kutafuta kibarua bandarini. Marufuku haikuuokoa msitu. Kuni za mikate, kuni za pombe ya magendo, miti ya kujengea vibanda, maji machafu ya mitaa inayoongezeka kila mwaka, mchanga ulioteremshwa na mvua za El Niño za 1997 na 1998, vyote viliingia humu. Watafiti waliopima Tudor wanasema kati ya 1992 na 2009 zaidi ya asilimia 80 ya mikoko ilipotea. Wapo wanaopanda sasa, akina mama na vijana, na miche mingine imeshashika. Lakini Nyanya alikuwa akitafuta mlilana mmoja uliokuwa ukifungiwa mashua, na mahali pake palikuwa na tope na mifuko ya plastiki.

Nikamwambia nimepata mwaka wake. Nikamsomea daftari lote, biskuti, mgomo, Ijumaa. Nikamwambia tunaweza kwenda kula kiapo kwa wakili, tubadilishe kadi, isome 1941.

Alisikiliza hadi mwisho. "Wakati nishaanza kulipwa?" akasema. "Ukiwaendea na miaka mengine watasema huyu bibi ni mrongo, wanikate. Wacha." Kisha akafikiri kidogo. "Ila hiyo saa, uliiandika?"

Nikamwambia nimeiandika.

"Na mashua?"

"Na mashua."

Akatikisa kichwa, akaendelea kutazama. Boda alikuwa anatungoja, injini imezimwa, anachezea simu. Nyanya akaniuliza saa ngapi. Nilikuwa nimeacha simu barazani ikichaji, nikataka kumuuliza yule kijana.

"Hebu tazama mbele yako," akanizuia.

Tope lilikuwa limefika mbali, linang'aa, kaa wanatoka kwenye mashimo yao. Usiku uliopita mwezi ulikuwa mpevu.

"Saa nne," nikasema.

"Sasa wasoma," akasema Nyanya, akanipa mkono nimpandishe kwenye pikipiki.